Kila Jina Lenye Herufi C

Kisii Mjini,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Kwanza keti, vaa miwani, na umwambie dada Rukia apunguze redio. Goti lako li vipi? Yale mafuta niliyokutumia yamekusaidia, au umempa jirani kama kawaida yako? Na mvua imefika Voi, au bado mnangoja magari ya maji? Huku kwetu inanyesha kila alasiri. Nguo hazikauki, kuta za chumba changu zimeota ukungu, na mimi mwenyewe nanuka unyevu. Lakini mwili ni mzima, alhamdulillahi. Hilo usilitie shaka.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu zako zote nazipokea sebuleni, Mama. Chumba changu kiko nyuma na mtandao haufiki, kwa hiyo ukinipigia nakuwa nimeketi kando ya Bi Zaituni, naye anachambua chinsaga, mboga yao ya huku, huku akiniangalia mdomo. Ndiyo maana kila ukiniuliza nasema sote tu salama. Leo nina mambo ambayo siwezi kuyasema mbele yake. Barua hii naitia ndani ya gunia la ndizi tamu kutoka soko la Daraja Mbili, nimpe dereva wa basi aliyeniahidi kulifikisha mwenyewe. Tafadhali uisome yote kabla hujaongea na mtu yeyote wa huku.

Ami Twalib unamjua tangu siku zile alipokuwa akiendesha lori pamoja na marehemu Baba. Sasa ana ndevu nyeupe, ana duka la vifaa vya ujenzi, na juu ya duka ndiko kuna ofisi ya kompyuta ninayofanyia kazi. Babu yake alikuwa Mnubi na nyanya yake Mgusii. Nyumbani wanasema Kiswahili, ila wakikasirika wanahamia Ekegusii ili nisielewe. Siku niliyofika alinipokea kwa machozi, akanipa chumba, akasema mimi ni amana ya rafiki yake. Vyeti vyangu vyote vya shule na chuo akavifungia kwenye sefu yake, pamoja na vya wafanyakazi wake wengine, visije vikaloa au kupotea. Nilimshukuru, Mama. Hata leo siwezi kusema amewahi kuninyima chakula au kunipandishia sauti. Nakula kwake, nalala kwake, nafanya kazi kwake, na lango la nyumba yake hufungwa baada ya magharibi. Nikitaka kwenda hata kununua sabuni, Bi Zaituni huniuliza naenda na nani. Hajui kama ananibana. Anadhani ananitunza.

Ofisini tunatengeneza programu za hospitali ndogo ndogo, ila mwenye programu ni kampuni moja ya Nairobi. Wao wanatupa kazi, sisi tunarekebisha. Mkubwa wetu ni Hafidh, mtoto wa pekee wa Ami. Mezani kwangu nilikuwa nakaa na Omondi, kijana wa kutoka Homa Bay, mwanakwaya, mtu wa kucheka kwa sauti hadi wateja wa chini dukani wanatazama juu. Kompyuta za ofisi ni chache, kwa hiyo Omondi alikuwa anatumia yake mwenyewe ya kubeba mkobani. Hilo ndilo lililomponza.

Mwezi uliopita kampuni ile ilileta barua kali. Programu yao ilikuwa imeonekana mikononi mwa watu wengine, na walitaka kila kompyuta ya kila mtu anayewafanyia kazi ipekuliwe. Atakayekutwa na faili zao kwenye mashine yake binafsi atajwe jina, na faili hizo zifutwe. La sivyo, kazi ingekatizwa na sote tungerudi makwetu. Ami aliisoma ile barua akiwa amesimama, kisha akamkabidhi Hafidh aifanyie kazi.

Sasa nivumilie kidogo, Mama, maana bila sehemu hii hutaelewa kilichompata Omondi.

Majina ya faili za kompyuta yana mikia. Picha huishia kwa nukta kisha jpg, wimbo huishia kwa nukta kisha mp3. Programu tunazoandika sisi nazo zina mikia yao: nukta py, nukta c, nukta java, nukta js. Ukitaka kompyuta ikutafutie programu zote, unaiandikia kielelezo, yaani umbo la jina unalolitaka, nayo hupita jina kwa jina ikilinganisha. Hafidh aliandika hivi:

.py|.c|.java|.js

Kile kijiti kilichosimama maana yake ni "au". Ukisoma haraka utaona kila kitu kiko sawa. Lakini katika lugha ya vielelezo, nukta si nukta. Nukta maana yake ni herufi yoyote ile. Ukitaka nukta yenyewe ni lazima uitangulizie mstari wa mshazari. Tena ukitaka mwisho wa jina peke yake, unamalizia kwa alama ya dola, la sivyo kompyuta itakamata hata kilicho katikati. Ilipaswa kuwa hivi:

\.(py|c|java|js)$

Kwa hiyo Hafidh alidhani ameiambia kompyuta, "Niletee majina yanayoishia na nukta c." Kumbe aliiambia, "Niletee kila jina ambalo ndani yake mna herufi c, ilimradi kuna kitu kabla yake." Na Kiswahili chetu, Mama, kimejaa ch. Neno picha lina c. Na mke wa Omondi anaitwa Achieng.

Kompyuta za ofisi hazina mambo ya mtu binafsi, kwa hiyo hazikuonyesha ajabu yoyote. Ya Omondi ilitoa mamia kwa mamia. Hafidh hakufungua hata moja kuangalia. Alichukua hesabu ile akampelekea baba yake, na alasiri hiyohiyo Omondi aliitwa, akaambiwa aache mashine yake na asirudi.

"Ami, mimi sijaiba kitu," Omondi alisema. Alikuwa ameshika mkoba mtupu. "Hiyo kompyuta ni maisha yangu iko ndani. Fungua tu uone."

"Kompyuta imesema," Ami akamjibu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa habari za msiba.

Kesho yake niliomba kuiona kazi ya Hafidh, maana barua ya kampuni ilitaka ripoti itiwe sahihi na wafanyakazi wawili, na Ami alikuwa ameshanichagua mimi kuwa wa pili. Niliiona ile nukta mara moja. Nilimfuata Hafidh kwenye ngazi, anakosimama akitaka kupumua.

"Hafidh, nukta zako hazina mshazari."

Hakushtuka. Aliangalia chini dukani, ambako baba yake alikuwa akimpimia mtu misumari.

"Niliona jana," akasema. "Lakini hesabu imeshakwenda Nairobi, bado karatasi ya sahihi tu. Nikisema sasa, watauliza aliyeandika ni nani. Baba amewaambia watu wote msikitini kwamba mimi ni injinia."

"Na Omondi?"

"Omondi ni mwerevu. Atapata kazi kwingine."

"Atapataje na vyeti vyake viko kwenye sefu ya baba yako, na jina lake limeandikwa mwizi?"

Akaniambia kitu ambacho hakijanitoka hadi leo. "Hata vyako viko humo, Zuhura." Sijui alinitisha au alinionea huruma. Nadhani hata yeye hakujua.

Usiku ule na mchana uliofuata sikula vizuri. Bi Zaituni alidhani nina homa, akanipikia uji wa wimbi na kunifunika shuka. Ami mwenyewe alikuja akasimama mlangoni pa chumba changu.

"Mwanangu, ile karatasi utie sahihi leo, tuimalize," akasema. "Kuna watu wengi wanakula kwa kazi hii. Wewe mwenyewe u miongoni mwao."

Nilimwambia nitatia sahihi kesho. Hiyo ndiyo nguvu niliyokuwa nayo, Mama, kusema kesho. Kila nilipofikiria kukataa, niliwaza nitalala wapi, nitakwenda ofisi gani bila cheti hata kimoja, na wewe utaambiwa nini na mtu aliyembeba Baba kaburini. Nilikaa mle chumbani nikitazama vyuma vya dirisha na mabati ya jirani nyuma yake, na mvua ikipiga hadi usingeweza kusikia mtu akikuita.

Siku ya soko Bi Zaituni alinituma Daraja Mbili. Nilipokuwa nikichagua ndizi nikasikia jina langu. Alikuwa Achieng, ameketi juu ya turubai la nguo za mitumba, za watoto peke yake. Niliwahi kumwona mara kadhaa akimletea mumewe chakula.

"Dada Zuhura, kaa hapa kidogo," akasema. Alinipisha kwenye turubai. "Wewe ulikuwa unakaa na yeye meza moja. Niambie ukweli. Omondi aliiba?"

"Hakuiba."

"Sasa mbona amenyamaza hivyo? Anaamka, anakaa kitandani, anavaa viatu, halafu hana pa kwenda." Alikuwa anakunja kigauni kimoja, anakikunjua, anakikunja tena. "Mimi sitaki hata kazi irudi. Nataka ile kompyuta. Picha za Akinyi ziko huko."

Akinyi alikuwa mtoto wao wa kwanza, Mama. Homa ya mapafu ilimchukua mwaka jana, akiwa ndio kwanza ameanza kukaa bila kushikwa. Simu iliyompiga picha iliibiwa sokoni baadaye. Kilichobaki ni kile Omondi alichohamishia kwenye mashine yake.

Nilirudi na ndizi zangu. Nilipita nyumbani bila kuingia, nikaenda moja kwa moja ofisini. Ami alikuwa kwenye kompyuta yake ya dukani, Hafidh kando yake.

"Ami," nikasema, "kabla sijatia sahihi, naomba upekuzi wa Hafidh upitishwe kwenye mashine yako pia."

"Yangu ina nini? Ina simiti na mabati."

"Ndiyo, Ami. Haina programu yetu hata moja. Hafidh anajua."

Hafidh alinitazama, halafu akaangalia meza. Ami aliinuka akanipisha kiti. Niliandika kile kielelezo kama kilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, nikabonyeza. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo kama maji. Ami alivaa miwani akasogea.

"Stock ya mabati," akasoma. "Picha za harusi. Mecca moja, Mecca mbili..." Akaweka kidole kwenye kioo. "Hii ni mimi na mama yenu tuko hija. Hii nayo nimemwibia nani?"

"Kwa kielelezo hiki, Ami, umeiba yote."

Kisha nikaandika kile sahihi, nikabonyeza. Hakikuja kitu. Kioo kilikaa kitupu.

 Mteja mmoja aliingia akamwamkia kwa Ekegusii, "Bwakire", Ami akampungia mkono asubiri. Baadaye alimgeukia mwanawe.

"Ulijua?"

"Nilijua baada ya kupeleka, Baba."

Mama, nilitarajia atapiga kelele. Alivua miwani tu, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Jioni ile aliwaandikia wale wa Nairobi kwamba kompyuta ilifanya makosa na Omondi hana hatia. Kompyuta haikufanya makosa, ilifanya ilivyoambiwa, lakini jina la Hafidh halikutajwa popote. Walijibu kwa mstari mmoja kwamba wamepokea. Sikutia sahihi karatasi yoyote.

Omondi alipigiwa simu aje achukue mashine yake na arudi kazini. Alikuja na Achieng. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani, na nikafurahi, nikidhani mambo yamekwisha. Aliifungua pale pale mezani petu. Nikamwona anabonyeza, anarudi, anabonyeza tena.

"Picha ziko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojua. Ile barua ilisema zitakazopatikana zifutwe. Mimi nilidhani zingefutwa baada ya ripoti kutiwa sahihi. Hafidh alizifuta siku ileile ya kwanza, kwa kielelezo kilekile. Kila jina lenye herufi c. Nyimbo za kwaya, harusi yao, na "Picha za Akinyi", folda nzima.

Omondi aliendelea kubonyeza. Achieng ndiye aliyetoa sauti, sauti ndogo, kama ya mtu aliyejikata akipika. Hafidh alisimama akaenda kwenye ngazi, na nilimsikia akilia huko, mtu mzima na shahada yake.

Nikamwambia Omondi, "Funga hiyo mashine. Usiandike kitu, usifungue kitu." Maana faili ikifutwa, Mama, haiondoki papo hapo. Kinachoondoka kwanza ni jina lake. Yenyewe hubaki mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na mashine ile ilikuwa imelala kabatini imezimwa. Kulikuwa na tumaini.

Kazi ya kuzirudisha nimeifanyia kwao, nyuma ya soko, alasiri kadhaa mfululizo. Zilianza kurudi, lakini zilirudi bila majina. Kila moja ilikuwa tarakimu tupu. Hakuna kielelezo ambacho kingeweza kunisaidia hapo. Ilibidi tuketi, mimi na Achieng, tuzifungue moja moja. Nyingi zilikuwa zimeharibika, nusu picha na nusu rangi ya kijivu. Tuliona kiganja. Tuliona kofia ya sufu na nywele kidogo. "Huo ni mkono wake," Achieng alikuwa akisema, nasi tunaendelea. Omondi hakuweza kutazama. Alikaa mlangoni ametugeuzia mgongo.

Mwishowe ikaja moja nzima. Mtoto ameketi ndani ya beseni la maji, meno mawili, anamcheka mtu asiyeonekana kwenye picha.

"Ni mimi," Omondi akasema. Sijui alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu saa ngapi. "Nilikuwa namwimbia."

Achieng aliniomba niipe jina. Niliandika Akinyi, basi, bila neno picha. Walinishika mikono wote wawili na sikujua niangalie wapi. Omondi hajarudi ofisini na sidhani atarudi. Vyeti vyake Ami amempa mkononi mwake na kumwomba radhi. Hilo nalo ulijue, maana sitaki umdhanie mtu mbaya.

Lakini vyangu bado viko kwenye sefu, na sasa nafika kwenye sababu ya barua hii.

Tangu alasiri zile, nyumba imebadilika. Bi Zaituni ananiwekea chakula, ila haketi nami. Nilimsikia akimwambia Ami kwa Kiswahili, makusudi nisikie, "Msichana huyu ameshika heshima ya mwanetu mkononi, na anazunguka nayo sokoni." Juzi Ami aliniita sebuleni. Alizungumza kwa upole kama siku zote. Alisema mambo ya nyumba hubaki nyumbani iwapo watu ni wa nyumba moja. Alisema Hafidh ni kijana mwema aliyeteleza, nami nina akili ya kumshika asiteleze tena. Alisema nitakuwa binti yao hasa. Kisha akasema Ijumaa baada ya swala atakupigia wewe simu, akuombe.

Nilimtafuta Hafidh. Nikamuuliza kama hayo ni maneno yake.

"Sikuulizwa, kama wewe tu hukuulizwa," akaniambia. "Lakini nitamkatalia vipi Baba sasa hivi, baada ya aibu niliyomtia?"

Unaona tulivyo, Mama? Yeye hawezi kusema, nami nikisema nitakuwa nimewatukana watu walionilisha. Ami akiniuliza "Nimekukosea nini?" sina jibu, maana hajanikosea kitu ninachoweza kukitaja. Hapa mlango hauna kufuli upande wangu, na wote walioushika wananipenda. Mtu pekee ambaye Ami hawezi kumwambia "amana" ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenikabidhi.

Msalimie dada Rukia, mwambie aniombee na asilie akisoma hapa. Msalimie mjomba wa kituo cha reli, na shangazi aliyenishonea lile gauni la kusafiria, bado nalivaa. Mpe salamu mwalimu wangu wa hesabu ukimwona msikitini. Na yule mpwa wangu mdogo, mwambie ndizi za juu kwenye gunia ni zake.

Ijumaa simu italia. Nitakuwa nimeketi palepale kwenye kochi, nao watakuwa wakinitazama, na watanipa simu niongee nawe. Nitasema "ndiyo, Mama" kwa kila utakaloniuliza, kwa hiyo usiniulize mimi. Jibu langu nimekuandikia hapa, nalo ni hapana. Lisemee wewe, kwa sauti yako ile ya kuita mbuzi, halafu umwambie unataka binti yako nyumbani pamoja na vyeti vyake.

Ni mimi mwanao anayekungoja useme,

Zuhura